Neno Moja Kwenye Mstari

Nakumbuka siku moja iliyoanza saa tatu na robo asubuhi, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano mwaka 2012, nyuma ya kanisa letu pale Cato Manor, Durban. Saa naijua kwa sababu ndiyo saa aliyoninyang'anya Kocha Zaituni kazi yangu ya kuokota mishale, kazi niliyoipenda kwa kuwa mishale haiongei, akanipa kazi ya kusimamia mstari wa kurushia.

Mwanangu, usicheke nikikuita mwanangu. Mimi nina miaka kumi na saba, na wewe labda una kumi na moja. Lakini kwenye kikundi chetu anayemaliza lazima awaachie nasaha wanaoingia, na Kocha anasema mkubwa si mwenye mvi, mkubwa ni yule aliyeanguka kwenye shimo kabla yako. Basi mimi ni bibi kizee. Sogea, sikiliza.

Kocha Zaituni utamwona mwenyewe, ushungi kichwani na viatu vya mpira miguuni. Ni mtu wa Tanga. Alikuja kusoma chuo kule Westville, huko huko akajifunza kulenga shabaha, na tangu hapo hajatulia. Kila Jumamosi anatufundisha upinde, na bunduki mbili za upepo zinazorusha vidonge vidogo kama punje za pilipili manga. Tunafunga mafundo, tunawasha moto kwa kuni mbichi mpaka macho yanatoka machozi, na mara moja kwa mwezi tunapelekwa kwenye vichaka vya mito ya Westville kupotea kwa makusudi, ili tujifunze kurudi. Mimi nilipotea vizuri kuliko wote. Hilo si la leo.

La leo ni kwamba siku ile kikundi kilikuwa karibu kufa.

Unajua wazazi wetu walikotoka. Wengi walitoka Kongo kwa miguu, mbele ya watu wenye silaha. Sasa wamefika Durban, wana saluni zao, wana maduka yao ya simu, halafu wanasikia mtoto anasema Jumamosi anaenda kulenga shabaha. Mama Riziki ndiye aliyekuwa wa kwanza kumtoa binti yake. Alimwambia Kocha, "Mimi nilikimbia bunduki, na mutoto wangu aende kuitafuta? Hapana, dada." Wamama wengine wawili wakamfuata. Uwanja ni wa kanisa, kwa hiyo Pasteur Anselme akaamua: wazazi waje Jumamosi saa tano, waone kwa macho yao. Wakikubali, tuendelee. Wakikataa, tufunge.

Nitakuambia ukweli, kwa sababu nasaha zenye uongo ni kama chai bila sukari kwa mgeni. Mimi shuleni Kizulu changu kilichekwa, na Kiingereza changu kilichekwa. Pale kwenye mstari hakuna aliyenicheka, kwa sababu hakuna aliyenisikia. Kikundi kikifungwa, Jumamosi yangu ingekuwa siku kama siku nyingine. Niliogopa jambo hilo kuliko mtihani.

Sasa, msimamizi wetu wa kawaida, Trésor, aliitwa ghafla na baba yake kwenda kupakua lori Clairwood. Kocha akaangaza macho, yakatua kwangu.

"Wewe, Espérance. Filimbi hii hapa."

"Kocha, mimi sauti sina."

"Kimya kingi kina mshindo mkuu. Leo tuusikie huo mshindo."

Kazi yenyewe si ngumu. Filimbi inaita watu kwenye mstari, filimbi inawaruhusu kurusha, filimbi inawatuma kuchukua mishale. Ila jambo la hatari halina filimbi. Jambo la hatari lina neno, nalo ni Simama, na yeyote anaweza kulisema, hata mdogo kuliko wote, na yeyote anayelisikia anashusha alichoshika. Halafu aliyesimamishwa anasema asante. Ndivyo ilivyo kwetu. Hanuni, hajitetei kwanza. Anasema asante.

Nikajaribu mbele ya wenzangu. Nikasema, "Samahani jamani, naomba, kama inawezekana, msimame kidogo."

Walicheka mpaka upinde wa mtu ukaanguka. Mmoja akasema, "Kocha, huyu anaomba chumvi kwa jirani."

Kocha hakucheka. Aliniinamia karibu. "Mwanangu, mama yako amekulea vizuri. Lakini ukiwa bado uko kwenye samahani, mshale umeshafika. Ukiwa kwenye naomba, tunaita gari la wagonjwa. Heshima hapa ina silabi tatu tu. Rudia."

Nikarudia. Nikarudia tena. Mara zote samahani ilitangulia, kama mbwa anayemtangulia mwenye nyumba mlangoni. Kocha akatazama saa yake, akapumua, akasema, "Sawa. Mungu yupo."

Wamama wakafika. Wakakaa kwenye mabenchi ya kanisa yaliyotolewa nje, vitenge vyao vikang'aa juani, beseni la beignet, yale maandazi ya kwetu, katikati yao. Mama yangu alikuwepo na simu yake mpya, anapiga picha kila kitu, hata kiatu changu. Mama Riziki alikaa pembeni, amemshika Riziki mkono, kama mtu anayengojea basi na hataki kuzoea kituo.

Pasteur Anselme alikuja na koti la suti. Umemwona, mwili ule, sauti ile. Akaomba sala ndefu, kisha akataka arushe yeye wa kwanza ili awape wazazi moyo. Kocha akasimama naye bega kwa bega. Mshale wa kwanza ukaingia kwenye tuta la udongo. Wa pili ukagusa karatasi ya shabaha, pembeni kabisa, na wamama wakapiga vigelegele kana kwamba ameoa. Nikaona hata Mama Riziki anajizuia kutabasamu.

Hapo kidonge kikakwama kwenye bunduki moja ya upepo wenzangu waliyokuwa wakiiandaa mwisho kule, na Kocha akaenda kuangalia. Aliniambia, "Mstari ni wako." Mstari wangu wote ulikuwa mtu mmoja, naye ni Pasteur.

Akachukua mshale wa tatu. Akauvuta. Na mama yangu, mama yangu mzazi, akasimama na simu yake juu:

"Papa Pasteur, angalia huku basi, tupige foto."

Naye akaangalia. Mwanangu, mtu aliyeshika upinde akigeuza uso, mwili unafuata, na mkono unafuata mwili. Aligeuka na tabasamu lake lote, kamba imevutwa, mshale juu yake, akiwazungukia wamama kama mlango unaofunguka polepole.

Nyumbani tunafundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hakuna aliyetufundisha la kufanya mkuu anapokuwa ndiye anayetaka kuwavunja wengine guu bila kujua. Nilifungua mdomo. Kikatoka nilichokitarajia: "Samahani, Pa—"

Halafu nikamwona Riziki. Yeye alikuwa ameshauona mshale unavyokuja upande wao.

"Simama!"

Sijui ile sauti ilikuwa ya nani. Pasteur aliganda nusu njia. Mama aliyekuwa anamimina chai aliganda na chupa juu. Watoto mwisho wa uwanja walishusha vyote walivyoshika, hata mmoja akashusha beignet. Mama yangu alishusha simu.

"Uso kwenye tuta," nikasema. "Polepole. Shusha."

Akageuka, akashusha. Mshale ukaanguka kwenye nyasi.

 Shemasi mmoja, mtu wa kupenda utaratibu, akawa wa kwanza kusema: "We mutoto, unapigia Pasteur makelele? Iko adabu gani ile?" Mama yangu akajifunika uso kwa kitenge. Kocha alikuwa amesimama kule mbali, mikono kiunoni, na hakuja. Baadaye alisema miguu ilitaka kuja akaikatalia.

Pasteur aliutazama mshale. Akatazama benchi, taratibu, kuanzia upande huu mpaka upande ule. Nilijua uwanja ni wake. Nilijua akisema neno, tunafunga.

Ndipo mtoto mmoja wa miaka tisa, asiyejua siasa, akamkumbusha kwa upole: "Papa Pasteur, hapa unasemaka aksanti."

Pasteur akamtazama yule mtoto. Akanitazama mimi. "Aksanti, mama," akasema. Kisha tumbo likaanza kutikisika, akacheka kile kicheko chake cha Krismasi. "Eish. Kanisa mzima hamujawahi kunisimamisha, hata mahubiri ikapita masaa mbili. Huyu amenisimamisha kama robot nyekundu, ile taa ya barabarani."

Wamama wakaangua kicheko, shemasi akacheka kwa kuchelewa kidogo, lakini mimi nilikuwa namtazama Mama Riziki, kwa sababu alikuwa amesimama. Wote tulidhani anaondoka. Alikuja mpaka mbele yangu.

"Unaitwa nani?"

Nikasema jina langu.

"Sikusikia. Sema na ile sauti ya saa ile."

"Espérance."

Akatikisa kichwa polepole. "Espérance. Kule kwetu batu walikuwa na silaha, na hakukuwa mutu hata moja wa kubaambia simama, na bao basimame. Hata moja. Minaona leo mara ya kwanza." Akageuka. "Riziki, enda uchukue upinde. Na ukae karibu ya huyu."

Kikundi hakikufungwa. Ndiyo sababu wewe uko hapa unasoma haya na kula beignet zetu.

Sasa nasaha, kwa maana Kocha akiona nimesimulia tu bila kushauri atanirudisha kwenye kuokota mishale. Mwanangu, heshima si kunyamaza. Mtu unayemheshimu humwachi afanye jambo atakalolilia maisha yake yote. Siku ile ningeinama na kumpigia goti Pasteur, nisingekuwa nimemheshimu, ningekuwa nimemwacha peke yake na mshale wake. Neno la kuzuia hatari liseme fupi, liseme mapema, na samahani zako ziweke kwa baadaye, samahani hazichachi. Na wewe ukisimamishwa, hata na mtoto, sema asante kwanza, kisha ndiyo uulize umefanya nini. Hili la pili ni gumu kuliko la kwanza. Mimi bado najifunza.

Ila usiibebe sauti ya mstari ukaipeleka mezani kwa mama yako. Nilijaribu alipokuwa ananiongezea bugali. Nikaosha sufuria wiki nzima.

Mungu akupe mkono usiotetemeka na jicho linaloona pembeni. Akupe wakubwa wanaojua kucheka wanaposimamishwa. Sauti yako ifike kila mara kabla ya mshale, na kila utakayemzuia aishi kukushukuru, au aishi tu, inatosha.

Siku ile ilipopita, kesho yake asubuhi, Jumapili, kabla ya kanisa, nilikwenda kwa Mama Riziki. Nilikuwa sijawahi kugonga mlango wa mtu peke yangu. Nikasema nimekuja kumfundisha Riziki lile neno, kabla hajashika upinde wowote. Mama yake akatuwekea chai, akaingia jikoni, na mlango akauacha wazi.

Riziki alilisema kama anayemwamsha paka. Nikamwambia, rudia. Akarudia. Tukarudia pamoja, mpaka vikombe vikacheza kwenye visahani. Tulipopumzika kidogo, kutoka jikoni tukasikia sauti nyingine, ndogo, ya mtu anayedhani hasikiki.

"Simama," ilisema.

Riziki akanitazama. Nikaweka kidole mdomoni, tukangoja, na ikaja tena, mara hii kubwa mpaka jirani akagonga ukuta.