Mgeuza Kurasa wa Fidla za Pili

Kiherehere hakusingiziwa jina hilo. Kwenye karakana ya mashati anakoshona kola, akimaliza rundo lake hudokoa la jirani, na akikalia kiti kisicho na cherehani mguu wake huendelea kukanyaga hewa. Siku ya onyesho la okestra yetu, mguu ulianza kukanyaga tangu asubuhi. Mumewe akamwuliza kama ana homa.

"Sina homa," akajibu. "Nina jambo."

Jambo lenyewe ni hili. Katika okestra, wapiga fidla hukaa wawiliwawili mbele ya stendi moja ya karatasi. Wa nje hupiga bila kukatiza. Wa ndani, ukurasa ukikaribia kuisha, huacha kupiga, hugeuza, kisha hurudi kazini. Ndiyo kawaida, na hakuna anayeiona kuwa uonevu isipokuwa mgeuzaji. Kiherehere alikuwa wa ndani kwa miaka kumi na mmoja. Wa nje alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye ndiye aliyemfundisha fidla na kumleta kwetu. Piga hesabu: miaka kumi na mmoja, na Kiherehere hajawahi kupiga mstari wa mwisho wa ukurasa mbele ya watu.

Angeendelea kuvumilia, yaani kunung'unika, lau si simfoni ya mwaka huu. Sisi wa fidla za pili ni uzi wa chini wa cherehani, hatuonekani mpaka tukatike. Lakini mtunzi huyu wa zamani alituhurumia, akatupa wimbo mmoja mtamu, mistari miwili tu. Na mchapaji, Mungu anamjua, akaichapa chini kabisa ya ukurasa wa tatu.

Kwenye mazoezi Kiherehere alijikaza. "Wifi, mara hii moja tu, tubadilishane viti."

"Nani atageuza?"

"Wewe, mara hii."

"Mimi?" Mwalimu mkuu akacheka kidogo, akaanza kupangusa upinde wake uliokuwa safi tayari. "Kila mtu na kazi yake, wifi yangu. Hebu tulia."

Kumwambia Kiherehere atulie ni kumwambia kuku asichakure. Alifika nyumbani amefura, akamweleza mumewe kwamba dada yake ana roho ya korosho. Mume, kama waume wote waliobanwa kati ya dada na mke, alikwenda kuangalia kama geti limefungwa. Hapo ndipo Kiherehere alipoamua: ukurasa wa tatu hatageuza. Atapiga mistari yake miwili mpaka nota ya mwisho, na wifi akwame mbele ya watu mia mbili, naye aonje. Liwalo na liwe.

Onyesho lilianza saa tisa alasiri, katika ukumbi wa shule. Mwongozaji wetu ni daktari wa meno, kwa hiyo akiinua kijiti sote hukaza taya. Mimi nilikaa nyuma ya mawifi hao. Kiherehere alikaza upinde, akaulegeza, akaukaza tena. Ukurasa wa kwanza akageuza. Wa pili akageuza.

Ukurasa wa tatu mkono ulimwasha, maana ulizoea njia yake. Akauzuia, akapiga. Alikosea nota moja, lakini machozi yalikuwa yanamlenga, tusimhesabie. Alipomaliza, akasubiri wifi akwame.

Wifi hakukwama. Aliingia ukurasa wa nne nota kwa nota, uso ukiielekea karatasi ileile ya tatu, kichwa kikisogea taratibu kushoto na kulia kama cha mtu anayesoma. Aliyebaki na upinde hewani ni Kiherehere.

Ndipo akaelewa. Wifi yake haioni karatasi. Ameikariri simfoni nzima kwa masikio, peke yake nyumbani, na huenda ya mwaka jana pia. Kiti cha ndani angekikaliaje? Asiyeona ukurasa unaishia wapi atageuza nini? Kiherehere alinieleza baadaye kwamba alishikwa na aibu hadi akatamani sakafu ipasuke. Akageuza ule ukurasa polepole, akishika karatasi kwa ncha za vidole. Na kila uliofuata akaugeuza kwa wakati wake, ili sisi wa nyuma tusijiulize.

Makofi yalipopigwa, wifi alimwinamia akitabasamu. "Leo umegeuza vizuri sana. Ule wa tatu hata sikuusikia."

"Karatasi za mwaka huu laini, wifi," Kiherehere akamjibu.