Risasi ya Mwisho ya Kaka

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, mji huu ungali ukiitwa Elisabetivili, nikirudi kutoka Pweto na kamyoneti yangu ya kwanza. Nyuma nilipakia vikapu vya samaki wakavu. Mbele nilikaa na mama yako, na kati yetu nilisimamisha gobori la kaka yangu mwindaji, tuliyemzika wiki ile.

Kwetu, risasi aliyoiacha mwindaji ndani ya bunduki yake haitolewi hovyo. Ndugu huipiga penye kilio, na marehemu huwa ameagwa. Kilio kilikuwa kwa baba yangu, mtaani Kampemba. Basi nililibeba gobori lilivyokuwa, baruti ndani, fataki juu. Kibali kilikuwa cha jina la marehemu. Nilikuwa kijana mwenye gari, nani angenifunza?

Barabara ilikuwa nyekundu, vumbi likipanda taratibu. Mama yako alisinzia, mkono juu ya tumbo, nawe umo ndani. Niliendesha kama mtu anayeota. Mara kwa mara nilidhani namwona kaka akitembea kando ya njia, wala hageuki. Nilimpenda sana.

Karibu na mto Naviundu gurudumu likaingia shimoni. Gobori likaanguka, nyundo yake ikagonga fataki. Risasi ilipita kando ya sikio la mama yako, ikatoboa paa. Nilisimamisha gari nikamwita. Alitazama midomo yangu tu.

Tulipofika, baba aliangalia lile tundu, akamwangalia mama yako, kisha mimi.

“Juu ya nini ulibeba bunduki na risasi ndani?”

“Baba, ni ya yaya mwenye tulizika. Nilitaka tuipige ku kilio.”

“Kilio moja haikukutosha? Ungeipiga kule ku pori. Na ile permi, kibali yake, iko ya nani?”

“Ya yaya.”

“Muke yako iko na mimba, na ulimulalisha pembeni ya kifo.”

Nilitaka kusema ajali haina kinga. Lakini ajali hii, kinga yake ilikuwa ndogo kuliko ukucha: kuitoa fataki. Asubuhi baba alinipeleka ofisi ya serikali, tukaiacha bunduki huko mpaka karatasi zitoke kwa jina langu. Sikio la mama yako halikupona. Ulipokuwa mdogo ulimwita upande wa kushoto, ukalia ukidhani amekununia.

Kesho unakwenda kuwinda, nami nimeiona bunduki yako imelazwa kwenye kiti. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na mimi nimemlea wangu miaka mingi. Toa risasi zote, uchungulie mwenyewe. Usiamini neno la mtu kwamba haina kitu. Bunduki ifunge mfukoni mwake, nyuma ya gari, na risasi zikae mbali nayo, kwenye sanduku lenye kufuli. Kibali kiwe cha jina lako. Askari akikusimamisha, mwambie mapema kilichomo garini. Na ukiachiwa bunduki na mtu, hata ndugu uliyemlilia, pita kwanza serikalini.

Mama yako ataamka kukuaga. Mwonyeshe kwanza kwamba bunduki ni tupu, ndipo umpe mkono. Mungu akupeleke, akurudishe, na kila aketiye kando yako ashuke mzima.