Nyanya wa Kwenye Kalenda

Kalenda ile ilinuka sabuni ya ofisini. Mama alikuwa akifanya usafi katika jengo moja ng'ambo ya mto, na asubuhi moja ya Januari alirudi nayo nyumbani kwetu ugenini, Thamesmead. Wenyewe walikuwa wameitupa kwa kuwa mwaka wake ulikwisha. Ndani yake mlikuwa na picha kumi na mbili za mchoraji wa Kimarekani aliyependa mambo madogo ya watu: baba anatengeneza baiskeli huku mbwa akimsimamia kama bosi, mtoto anaficha goti lililochubuka, nyanya mwenye mashavu mekundu anapakua supu. Nilikuwa na miaka saba, na kwangu mimi hapakuwa na fundi kumshinda. Soksi alizochora zilishuka kama soksi za kweli, na viraka vya suruali alivitia palepale tunapochakaza sisi sote, magotini na makalioni. Hakumdhihaki mtu, ila kicheko kilikutoka tu.

Sisi hatukuwa na picha hata moja. Tulipokimbia kutoka kwetu Uvira wazazi walibeba watoto, albamu ikabaki. Kwa hiyo Mama alimbandika yule nyanya wa supu jikoni, akawa anatufundishia ukoo. "Mutazame vile anashika kijiko," alikuwa akisema. "Nyanya yenu alikuwaka anashika vile vile." Husemwa kwamba asiyekuwepo na lake halipo, lakini nyanya yangu, aliyefariki kabla sijazaliwa, alikuwa na nafasi yake katika kila mlo wetu.

Mwalimu alipotuambia tuchore familia zetu, sikusita. Nilimchora nyanya na mashavu yake ya waridi na nywele zake za rangi ya siagi, nikaandika chini kwamba ni mama yake Mama. Siku wazazi walipoitwa shuleni, mwalimu alimuuliza Mama kwa adabu kama mama yake alikuwa Mzungu. Mimi nilikuwa nimeshajikunja kusubiri kofi. Mama akacheka mpaka akashika meza.

Lakini tulipofika nyumbani aliibandua ile picha ya jikoni, akachukua penseli yangu ya kahawia na kumpaka nyanya uso na mikono, kisha akambandika kipande cha kitenge kichwani. Alipofika mdomoni akakwama. Akampigia kaka yake Bukavu.

"Yaya, pengo ya mama ilikuwa upande gani? Kushoto ao kuume?"

Mjomba akasema hakumbuki kama mama yao alikuwa na pengo. Mama akaweka simu mezani, akalia mbele yetu kwa mara ya kwanza. "Uso ya mama inanipotea," alisema. Nami niliogopa, maana kama Mama angesahau, ni nani angetuambia? Mwishowe alimchora nyanya akiwa amefumba mdomo.

Siku hizi nina kitabu cha mchoraji yule. Nyanya wa supu yumo, mweupe, kichwa wazi, na kila nikimwona natamani kumfunika. Lakini namshukuru fundi huyo ambaye hakutujua kabisa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Binti yangu ana picha elfu moja ndani ya simu na hazitazami mara mbili. Simlaumu, hata mimi ndivyo nilivyo. Sisi tulikuwa na moja, tena ya mtu baki, na tuliijua hadi kucha.

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, binti yangu alisimama jikoni kwa Mama, akaitazama ile picha, akamtazama na Mama, nyanya yake. Akasema, kwa Kiingereza chake, kwamba Nyanya amejichora vizuri. Nikafungua kinywa nimsahihishe. Mama akanizuia kwa mkono, akaenda kwenye kioo cha ukumbini, akajitazama muda mrefu. Aliporudi alikuwa anatabasamu.

"Kumbe ni ye," alisema. "Na mimi miaka yote namutafuta ku ukuta."