Damu ya Mara ya Pili

Huku Mbinga mtu akishikwa na homa huja maabara na jibu lake tayari mdomoni: "Nipime malaria na taifodi." Malaria isipoonekana, basi ni taifodi. Nimeandika taifodi nyingi mno, mpaka mkono huandika kabla kichwa hakijafikiri.

Mama yangu aliletwa kutoka Matiri kwa bodaboda, ana homa ya siku nne. Alikuwa ameshinda ghalani akipukuchua mahindi, na ghala lile panya hutembea hata mchana. Nililijua hilo. Lakini nilikuwa nimechoka, na foleni imefika mlangoni. Nikadondosha majimaji ya damu yake juu ya kioo, nikachanganya na kitendanishi cha taifodi, nikatikisa. Yakakatika kama maziwa yaliyolala. Nikaandika taifodi, nikamwita anayefuata.

Kinachokatisha vile ni kingamwili, nazo zaweza kubaki mwilini muda mrefu baada ya ugonjwa kwisha. Mama aliwahi kuugua taifodi. Uji wake nilipika mimi. Ndiyo maana tulifundishwa kuchukua damu mara ya pili, tuone kama kiwango kimepanda. Lakini nani hurudi? Aliyepata nafuu yuko kwenye shamba lake la kahawa. Nami nilikwisha kuacha kuwaambia warudi.

Alimeza dawa ya taifodi siku nane, homa ikakaa palepale. Ndipo daktari akaona vipele kifuani, akauliza habari za panya, akabadilisha dawa siku ileile na kutuma damu maabara kubwa. Baada ya wiki mbili akatuma nyingine. Kiwango cha taifodi hakikusogea. Cha homa ya viroboto wa panya kilikuwa kimepanda sana.

Homa iliisha, ila iliondoka na masikio yake. Daktari alisema huenda yakarudi, huenda yasirudi.

Nilikwenda Matiri na karatasi ya majibu. Nikamwamkia, nikakaa karibu naye.

"Mama, nilikosea mimi. Nisamehe."

Nikarudia kwa nguvu mpaka jirani akageuka. Mama aliutazama mdomo wangu kwa bidii, akaichukua karatasi, akaifunga kwenye pindo la kitenge. Kisha akasema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia hata anavyosema mwenyewe:

"Ahsante, mwanangu. Usingenipima wewe, ningekufa."