Jiwe la Mpaka Mezani

Wiki hii, ofisini kwa komini, serikali ya mtaa, mama mmoja wa Kanyosha alishusha beseni kichwani, akaweka jiwe la mpaka mezani.

"Mulisema nilete alama ya kiwanja."

"Mama, tulitaka karatasi. Jiwe linabakiaga kule," karani alisema taratibu. "Wapimaji wakikuta nyumba yako iko ndani ya barabara mpya, wanabomoa."

"Si nyie mulinipimia?"

"Wale wa kwanza walikosea. Tunalipa wengine wapime upya."

"Kwa kodi yetu tena?"

Karani alirudisha jiwe ndani ya beseni. Alimtwika beseni mwenyewe. "Lirudishe kabla hawajafika. Ukisahau lilikaa wapi, lisogeze kidogo upande wa barabara."

Vita vinahamisha watu, komini inahamisha barabara. Karani yule alitaka nyumba moja tu ibaki mahali pake.