Kigoda cha Bibi Jukwaani

Hadi leo nikisikia mtu anatamka "mhusika mkuu," puani inanijia harufu ya migebuka ya kuchoma na hamu ya kula inaniisha. Samaki wenyewe hawana kosa. Kosa ni la mwalimu wetu wa Kiswahili, aliyekula migebuka ya bibi yangu, akalamba vidole kimoja kimoja, kisha akaenda kumfanya bibi yule yule kichekesho cha kata nzima.

Nilikuwa kidato cha pili, katika shule iliyokuwa pembeni mwa mji wa Sumbawanga. Mwalimu alitoka Mbeya, kijana bado, suruali yake kila siku imepigwa pasi. Sitamnyima haki yake, kufundisha alijua. Sisi tulidhani hadithi ni kitu cha kusikiliza tu na kulala. Yeye aliifungua ubaoni tukaona ilivyoungwa: mandhari, yaani mahali na wakati, mgogoro, nani anavutana na nani na kwa nini, kilele, pale mambo yanapochemka, dhamira, kile ambacho mtunzi anataka uondoke nacho. Akatufundisha na kejeli, kusema kitu huku unamaanisha kinyume chake. Siku ya wahusika alirudia jambo moja mpaka tukalikariri: mhusika si mtu, mhusika ni kiumbe cha mtunzi. Niliipenda sana sentensi ile. Nilikwenda nayo nyumbani nikiisema njia nzima.

Mwaka huo watu wa Ufipa walikuwa wanahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Bibi yangu mzaa baba, ndiye aliyenilea, alikuwa bado kwenye nyumba yake ya zamani kilimani. Nataka hili lieleweke vizuri: hakukataa kuhama. Aliomba abaki mpaka avune ulezi, basi. Kwetu tulilima kwa matuta ya mviringo. Unafukia nyasi ndani ya udongo zioze, msimu unaofuata unalitawanya tuta na kupanda ulezi. Bibi alikuwa ameshatawanya, ameshapanda, masuke yameshatoka, na shamba la ulezi lisilo na mtu wa kulilinda, ndege hulimaliza lote. Mwenyekiti wa kijiji kipya, mtu muungwana, alimkubalia. Ulezi ule ndio uliokuwa chakula chetu cha mwaka mzima, chake na changu.

Ndipo shule ikaambiwa iandae mchezo wa kuigiza, kwa kuwa kulikuwa na kiongozi anakuja kukagua vijiji. Mwalimu akaniita pembeni. Alisikia nina bibi anayejua mambo ya zamani, akaomba nimpeleke akajifunze. Mimi kichwa kilivimba kwa furaha. Mwalimu wangu kwetu!

Bibi alimpokea kama askofu. Alitoa migebuka iliyotoka Kasanga, aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya Pasaka, akasonga ugali wa ulezi. Jamani, yule mtu alikula! Mafuta yalimtiririka mpaka kidevuni, akawa anayafuta kwa kiganja na kukilamba kiganja. Huku anatafuna, anauliza. Bibi alimjibu kwa Kiswahili chake cha kuchanganya na Kifipa, mimi natafsiri. Alimwambia anaona uchungu kuliacha kaburi la babu. Alimtania pia kwamba huko kijijini nyumba zimepangwa mstari, zimebanana, jirani akijamba na wewe unaitikia. Mwalimu alicheka mpaka akapaliwa. Wakati wa kuaga aliomba aazimwe kigoda cha bibi cha miguu mitatu, alichochongewa na babu, pamoja na kitenge chake kimoja, vya kupamba mchezo. Bibi alikifuta kigoda kwa upande wa nguo yake, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Siku ya mchezo bibi aliamka mapema, akapaka mafuta miguu, akashuka kilimani akichechemea. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mbovu tangu ujana. Aliketi mkekani mbele kabisa na wanawake wenzake, mimi nyuma yake, akawa anawaambia kigoda mtakachokiona ni changu.

Akatokea msichana wa kidato cha nne amejifunga kile kitenge. Akatembea hatua chache, anachechemea mguu wa kushoto. Akakaa kwenye kigoda. Watu wakaanza kuangua kicheko, na bibi naye akacheka kidogo, kisha akautazama mguu wake mwenyewe.

Huyo bibi wa mchezo alikuwa mchoyo. Alificha ulezi kwenye kaburi la mumewe huku watoto wa kijiji wanalia njaa. Kuhama hataki, na sababu yake eti ni kwamba kijijini hatapata nafasi ya kujamba. Na alijamba kweli, kwa mdomo, akiwageuzia makalio vijana wa ujamaa, tena na tena, na kila akijamba uwanja mzima unapasuka. Nilitazama walimu wangu, midomo wazi, mate yanawaruka. Kwenye kilele vijana walimsukuma kutoka kwenye kigoda, akaanguka miguu juu. 

Bibi aligeuka, akaniuliza kwa Kifipa yule mwanamke ni nani. Nikamwambia ni mhusika tu, bibi, ametungwa.  Bibi akavuta nguo yake akafunika magoti.

Mgeni alisimama kutoa shukrani, bado anafuta machozi ya kicheko. Akauliza, "Mwalimu, bibi huyu umemtunga au yupo?"

Nilimkazia macho mwalimu. Nilikuwa naisubiri sentensi yake, ile ya ubaoni. Angeisema tu, bibi angevuna ulezi wake.

"Yupo, ndugu kiongozi," alisema. "Sikutunga hata neno."

Na akatazama mkekani. Uwanja wote ukageuka kutazama alikotazama yeye.

Hakutunga! Uchoyo ule nani aliutunga? Ulezi wa kaburini je, aliuona wapi, katikati ya tonge na tonge? Alitaka tu aonekane mtunzi wa mambo ya kweli, apewe mkono na mkubwa. Akapewa. Baadaye nilimwona kwenye meza ya wageni anakula wali wa kuku, analamba vidole vile vile.

Wiki haikuisha. Mgambo walipanda kilimani, mwenyekiti nyuma yao ameinamisha uso, wakaezua nyumba ya bibi nyasi zote. Kijiji kipya kilikuwa mbali na shamba. Kila asubuhi bibi aliuburuta mguu wake kwenda kufukuza ndege, na kila akifika wao wameshashiba. Tulichokuja kuvuna hakikujaa ungo. Mwaka ule tulikula mahindi ya kuomba kwa shangazi.

Mwalimu alirudi darasani akaandika ubaoni, "Kejeli: toa mfano." Mimi wangu nilikuwa nao, umesimama mbele yangu na chaki mkononi. Nilitazama dirishani mpaka kengele ikalia.

Mchezo ulisifiwa sana. Ukatakiwa Namanyere, ukatakiwa na Laela, na kigoda kikaenda nao. Bibi katika kibanda chake kipya alikuwa anakaa chini, mguu mbovu ameunyoosha, na kuinuka ilikuwa mpaka nimshike. Siku moja mwalimu aliniita, anatabasamu. Akasema kwenye lori la Namanyere kuna nafasi, nimuulize bibi kama angependa kwenda, watu watafurahi kumwona mwenyewe.

Nilimfikishia, ulimi mchungu. Alikuwa sakafuni anachambua maharage. Aliendelea kuchambua kidogo, kisha akasema, akiniita kwa lile jina la utani ambalo bibi zetu huwaita wajukuu wa kiume:

"Mume wangu, kamwambie anirudishie kigoda changu. Huyo bibi yao wabaki naye."

Nilikwenda nikamwambia mwalimu neno kwa neno. Nilitaka yamchome. Alisikiliza, akacheka, akasema hiyo sentensi tamu mno, akachomoa kalamu mfukoni. Watu wa Laela waliisikia jukwaani, kutoka kwa yule msichana, amekaa kwenye kigoda.