Gauni Lililopigwa Wanga

Kibandani mwa dobi yule kila kitu kilikuwa na mahali pake: pasi ya mkaa kulia, beseni la wanga kushoto, na katikati meza iliyotandikwa blanketi kuukuu. Watu walimwita Mama Pasi, naye hakulichukia jina. Kwa mvuke ule alikuwa amelea mabinti zake, na sasa alimlea mjukuu wa kike wa miaka sita, kwa kuwa mama mtu alifanya kazi mji mwingine.

Mjukuu huyo hakulijua tope. Bibi yake aliamini kwamba mtoto wa dobi ndiye kibao cha biashara: akipita na doa, wateja watatafuta dobi mwingine. "Usiguse" likawa neno la asubuhi na la jioni. Mtoto akazoea kukaa kigodani, mikono mapajani, na majirani wakamsifu kwa utulivu wake. Nesi wa zahanati peke yake ndiye ambaye hakumsifu.

"Mama, huyu hajatulia, anaogopa," alisema siku moja alipokuja kuchukua sare zake. "Jumapili familia kadhaa tunakwenda msituni, kule nyuma ya tangi la maji. Watoto wacheze, nasi wakubwa tunyooshe miguu. Njoo naye."

"Msituni kuna nini?"

"Miti, kijito, wadudu."

"Wadudu!"

"Hawajamla mtu bado, mama."

Neno lile "anaogopa" lilimkaa Mama Pasi kooni kama mwiba wa samaki. Alidhani analea adabu. Kumbe huenda alikuwa akilea woga. Akakubali kwenda. Lakini mazoea yana taabu: Jumamosi alilifua gauni jeupe la mjukuu, akalichovya kwenye wanga mzito, akalipiga pasi mpaka likakaribia kusimama lenyewe mezani. Kwake, kumpeleka mtoto mbele za watu bila wanga kulikuwa sawa na kumpeleka uchi.

Kule msituni watoto walitawanyika kama kumbikumbi. Mjukuu wa dobi alibaki njiani, kasimama wima.

"Mama Pasi, umetuletea mtoto au ubao?" alitania seremala, jirani yake.

"Ungekuwa ubao, wewe ungeshaupinda!"

Watu wakacheka. Msichana mmoja akaita kutoka ukingoni mwa kijito, "Njoo uchuchumae, tumeona konokono!"

Mtoto alijaribu. Gauni lilikataa kukunjika, ukosi ukamchoma shingoni, naye akasimama tena, akamtazama bibi yake. Jicho lile liliomba ruhusa, na Mama Pasi alilifahamu vyema: ndilo alilotazamwa nalo kila siku kutoka kigodani, akaliita adabu. Wale wengine wakachoka kungoja, wakasogea mbele. Nesi alinyoosha mkono amchukue mtoto.

"Niachie, nesi. Fundo hili nimelifunga mimi."

Akamwongoza mjukuu hadi kijitoni. Wanga hauna ubishi mbele ya maji, na dobi hahitaji kufundishwa hilo. Alichota kwa viganja, akamwagia upindo, akaufikicha. Akachota tena, akalowesha kiuno na mabega. Mikono ile ile ilikuwa ikiiharibu kazi yake yenyewe. Maji yalikuwa na tope, na weupe ukageuka rangi ya chai.

"Bibi, unalichafua!"

"Ninalilainisha. Haya, nenda."

"Nikianguka?"

"Utainuka."

"Na nguo?"

"Nguo ina dobi, mjukuu wangu. Nenda."

Mtoto akachuchumaa. Alitia kidole topeni, akakinusa, kisha akatumbukiza mkono mzima. Mara akainuka, akawafuata wenzake kwenye kona ya kijito bila kugeuka nyuma. Mama Pasi alibaki amekauka ukingoni, akijizuia kumwita. Kila jiwe aliliona lina utelezi.

"Leo aliyepigwa wanga ni dobi," seremala akanong'ona.

Kelele za watoto zilififia, zikarudi. Mjukuu alitokea mbio, tope mpaka viwikoni, kafumbata kitu.

"Bibi, lete mkono."

Akamwekea kiganjani konokono wa baridi. Mama Pasi alikunja uso, lakini kiganja hakukiondoa. Vidole vya mkono wa pili, kwa mazoea yao, vikaanza kumpangusa konokono tope mgongoni.

"Bibi! Mshike tu. Usimfue."